Tanbihi ya Nne

Jumamosi, Juni. Loleza amejifunika ukungu hadi shingoni
nasi kumi na mmoja tumejifunika makoti darasani.
Kompyuta sita, moja haina herufi M.
Gwantwa ndiye iliyemwangukia: anaandika "alaria", anaandika "aji",
tunacheka mpaka vioo vinatoa jasho.

Mwalimu Ngailo hacheki. Ameandika neno moja ubaoni:
CHANZO.
Anasema, ensaiklopidia si matanga
kila ajaye akae, aseme alivyosikia.
Nani kasema? Lini? Alipima watu wangapi?
Nani alimkagua kabla hajachapisha?

Neno hilo nalijua tangu sijajua kusoma.
Kwetu Rungwe maji yakija na tope
hatugombani na ndoo.
Tunapanda, panga mkononi, viatu shingoni,
tunapita migombani, tunapita chai ya watu,
mpaka pale yanapochuruzika jiweni
tujue ni ng'ombe wa nani aliyekanyaga.

Nimepewa makala ya homa ya matumbo.
Aya ya tatu, mstari wa pili, nakuta:
"Huponywa kwa majani ya mpapai na ndimu, siku tatu."
Mwishoni hapana namba. Hapana mtu. Hapana mwaka.

Huo mstari tunajuana.
Ulikuja kwenye simu ya shangazi Tupokigwe,
umesambazwa mara nyingi, una maua na Mungu akubariki,
nami nilikuwa na miaka kumi na minne, na kijiko.
Ambilike alikunywa. Alikuwa mtiifu, alikunywa.
Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Ya tisa ndipo tulipokodi pikipiki.

Nikaufuta. Kidole kimoja tu, umekwenda.
Mahali pake nikaandika yote:
shuka, midomo iliyopasuka,
alivyouliza kama shule zimefunguliwa.
Mwalimu akasimama nyuma yangu, akasoma polepole.
Akavuta kiti.
"Subilaga," akasema, "haya ni kweli.
Lakini wewe si chanzo."

Nilimchukia muda wote wa chai.
Andazi langu nikampa Gwantwa.

Kisha nikapanda.
Mwongozo wa wizara, kurasa mia mbili na ushee.
Utafiti mmoja wa watu kumi na wawili, nikauacha.
Mwingine wa watu elfu tatu, nikausoma mara mbili,
mara ya pili kwa sauti, na kamusi mapajani.
Saa tisa alasiri nilikuwa na sentensi:
kwamba huletwa na bakteria, katika maji au chakula kilichochafuliwa,
kwamba hutibiwa kwa antibiotiki baada ya vipimo,
kwamba mgonjwa asicheleweshwe.
Na mwisho wake nne,
namba ndogo ya buluu, imekaa begani mwa nukta
kama mtoto aliyebebwa.
Ukiigusa itakupeleka wizarani, ukurasa wa themanini na mbili.
Haitakupeleka kwa Ambilike.

Jumatatu mtu asiye na jina akaifuta, akarudisha mpapai.
Nikairudisha. Akafuta.
Nikamwandikia kwenye majadiliano, kwa adabu,
kama ninavyomwamkia mkwe:
Ndugu yangu, tafadhali, tuonyeshe chanzo.
Mpaka leo hajajibu. Sentensi ipo.

Jioni, Isyesye, mama anamenya viazi.
"Siku zote hizi, umeandika nini?"
"Sentensi moja."
"Moja?"
"Moja, mama."
Ganda refu likakatika, likaanguka.
"Jina lake limo?"
"Halimo."
Hakusema kitu. Akainuka,
akafunua sufuria ya maji ya kunywa, hayajatokota.
Akafunika tena,
akabaki amesimama pale pale, anayangoja.