Waya wa Kijani

Niliinunua kwa bei ya kuona haya
kwa Bi Edna Braithwaite, Kendal, juu kidogo ya mto:
pikipiki ya safari ndefu, nzito kama ndama aliyegoma,
masanduku matatu, kioo cha mbele kipana kama mlango.
"Wilf wangu aliifungia kila kitu," alisema,
"isipokuwa birika."

Nami nikaja na vyangu:
ramani ya setilaiti saizi ya kiganja,
matundu mawili ya kuchajia simu,
glavu zenye joto la umeme
(Novemba ya huku haina utani na mtu wa Pangani),
na spika na vinasa sauti vya kofia mbili,
yangu na ya Mwanakombo,
vya waya, maana sitaki maisha ya kuchaji kofia,
tupate kuongea njiani
bila kugongana vichwa kama mabeberu.

Nikafungua kiti. Lahaula!
Nyuzi nyekundu, nyeusi, manjano,
zimelaliana kama tambi za daku,
kila mmoja na kipande cha utepe mweupe,
mwandiko wa mzee, wino umefifia:
TAA YA UKUNGU.
HONI YA PILI.
REDIO.
REDIO YA ZAMANI.
SIJUI.
Kwa huo wa mwisho nilimpenda Wilf.

Jumamosi tatu nililala chali gereji,
nikijumlisha ampea juu ya bahasha ya bili ya maji,
maana betri haijui huruma:
ukiichota kupita kiasi, utasukuma.
Nilichoma fyuzi mbili na kidole kimoja.

Waya wa kijani tu haukuwa na jina.
Ulitoka kwenye spika ya abiria,
ukanyata chini ya tangi,
ukaishia ubavuni mwa kiti cha nyuma,
kwenye kitufe kidogo kama punje ya kunde,
pale ambapo mkono wa dereva haufiki.
Na aliyelehemu hapo si Wilf.
Wilf alilehemu kama anayebandika ugali ukutani;
hili lilikuwa tone moja, safi, la duara,
shanga.

Nikampelekea Bi Edna picha.
Alifuta miwani, akaitazama, akacheka hadi akaketi.
"Miaka kumi na mmoja nilikuwa kwenye mitambo ya simu, Barrow,
nikiunganisha watu na kuwakata.
Wilf akianza kupanda mlima, anaimba.
Nikibonyeza hapo, simsikii.
Alidhani ni milima.
Miaka kumi na tisa aliilaani Kirkstone,
akanunua antena ndefu,
kisha ndefu zaidi."

Akamimina chai. Hakuinywa.

"Kiangazi chake cha mwisho
mawasiliano yalikuwa safi mpaka kileleni.
Akaisifu antena."

Nilirudi gereji. Koleo mkononi, limefunua kinywa,
waya umelala katikati ya meno.
Kisha nikalifunga.
Nikaunga spika ya Mwanakombo palepale kwenye kijani,
nikakata utepe mweupe,
nikaandika: MILIMA.

Mke wangu sikumwambia.
Ila Alhamisi alialikwa chai kwa Bi Edna,
akarudi amechelewa,
akiangalia pembeni, midomo imebana kitu.

Jumapili tukatoka. Anga la kijivu, barabara kavu,
kuta za mawe zikipanda nasi pande mbili.
"Unanisikia?" "Nakusikia."
"Glavu zina moto?" "Zina moto."
Sauti yake sikioni, karibu kuliko mtoni,
pumzi yake, kikohozi chake, mluzi wake mdogo.
Nikafurahi. Nikaanza ile hadithi
ya mjomba, punda na mkaguzi wa kodi,
naye ameisikia, nadhani, mara arubaini.

Kwenye kona ya tatu ya Kirkstone
mkaguzi ndiyo kwanza anapanda punda.

"Mwanakombo?"

Upepo.

"Mwanakombo, upo?"

Kondoo mmoja ukingoni akanitazama,
akaendelea kutafuna.
Kwenye kioo cha pembeni niliona kofia yake
imegeukia bonde, imetulia,
na mkono wa kushoto haupo pajani.

Milima hii, nikasema peke yangu.
Nikamalizia hadithi mpaka mwisho, na kicheko chake,
huku nikiwaza antena nzuri
siku hizi ni bei gani.