Daftari la Jumamosi

Miaka kumi na tisa nimemchora ndege kwa chaki,
mdomo hapa, ubawa hapa, mshale na jina lake,
na kila mwaka ndege yule yule,
hana rangi, hana sauti, hana pa kwenda.
Kengele ikilia namfuta kwa kitambaa.

Jumamosi hii nimewatoa nje.
Kumi na wanne, ndara na makubadhi,
darubini moja ya kuazima, kioo kimoja kina ufa.
Tulitoka Konde umande haujakauka,
tukashika njia ya Vumawimbi,
na sharti niliweka penye mkarafuu wa mwisho:
hapana kutaja jina.
Jina ni kawa; chungu kikishafunikwa
nani tena atauliza kilichomo?
Nambie umeona nini.

"Mweusi," alisema Bikombo.
"Kijani," alisema Khatib, "una macho wewe au kokwa za fenesi?"
Wakabishana mpaka ndege akageuka juani
akawa kijani, akawa zambarau,
akarudi kivulini mweusi.
Wote wawili kimya, hakuna aliyeshindwa.
Andikeni, nikasema. Andikeni na jua lilikuwa wapi.

Wakaandika. Mdogo, anaenea ndani ya kikombe cha kahawa.
Mdomo umepinda kama shazia iliyokosea gunia.
Hatulii.
Asaa aliandika: anakunywa ua kama mtu anayekimbia deni.

Faki hakuandika kitu.
Faki wa dawati la nyuma, wa sifuri ndani ya duara jekundu,
ameinua kidevu, amefumba macho.
"Wako wawili," alisema. "Jike yuko nyuma yetu.
Kule mkuyuni ninga wanakula, sita, saba.
Na huyu anayekohoa siyo ndege, ni tumbili."
Tukageuka. Jike alikuwapo, kifua cha manjano iliyofifia.
Ninga tuliwahesabu saba.
Tumbili alijitokeza mwenyewe.

Nilitaka kumuuliza, umejifunza wapi?
Nikakiona kijiti.
Kimeegeshwa kati ya maua, kimepakwa ulimbo wa fenesi,
na juu yake mwingine wa jamii ile ile
amenasa kwa bawa moja,
kifua kinampiga kama saa iliyolegea.
Hakuna aliyesema kijiti cha nani.
Namna ya kuchonga ncha ni mwandiko,
na mwandiko huo wa Faki
ndio pekee nisiowahi kuusahihisha.

Aliomba mafuta ya nazi. Bikombo alikuwa nayo,
mabaki ya nywele, ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi.
Akamshika kama unavyoshika yai lisilo lako,
akaanza, unyoya mmoja, mmoja,
kutoka shinani kwenda nchani,
"siyo kinyume," alisema, "kinyume unavunja,"
na watoto kumi na watatu na mwalimu mmoja
tukasogea, tukajifunza ubawa.
Ya nje marefu, magumu.
Ya ndani yamelaliana kama makuti ya paa.
Mshale wangu wa chaki haukuwahi kusema
kwamba chini ya bawa pana joto,
kwamba mapigo hayahesabiki.

Alipofungua kiganja ndege hakuruka.
Alikaa. Alikaa mpaka tukaona haya.
Halafu kiganja kikawa kitupu, hata sikuona lini.

"Sasa jina," alisema Faki, sauti inamkwama.
"Anaitwa chozi."
Wenzake walicheka, wakamtazama usoni,
wakaacha kucheka.

Vijiti vingine viko kumi na kimoja, amesema,
atavitoa leo kabla ya magharibi.
Nimemwamini nusu.

Hesabu ya siku: chozi watatu, ninga saba,
mwewe mmoja wa mbali,
tetere wengi, nilichoka,
na mmoja aliyelia mara mbili ndani ya msitu
tusimwone. Nimemwekea alama ya kuuliza.
Faki anasema anamjua.
Nimemwomba asinitajie.