Bure

Kwa Bahizire wa fotokopi, pale Nyawera,
ukurasa ni franga mia;
umeme ukikatika, kungoja tu ndiko hakulipiwi.
Nilikuwa na franga za kurasa tatu.
Barua moja ya mtume haienei humo.

Akauliza: za nini?
Za darasa la Jumatano, kule Kadutu.
Wajane saba. Anayejua kusoma ni Nsimire,
na macho yake yameanza kukataa.

Hakujibu. Akavuta boksi chini ya meza:
vijitabu vya masomo, muhuri wa "Hakiuzwi",
kona zimetafunwa na panya,
somo la nne halipo kabisa.
"Beba. Ni bure."

Neno hilo mama alilitumia kwa mambo mawili:
chumvi ya jirani,
na safari zake zote za kudai mshahara wa baba.

Nikapanda mlima, boksi kichwani, mvua nyuma yangu,
nikijiuliza hii ni bure ipi.

Jumatano Nsimire alipapasa karatasi
kama anayechambua maharagwe.
"La nne liko wapi?"
Limeliwa, mama.
"Basi hilo," akasema, "tutafundishana wenyewe."