Karatasi Kumi na Tisa

Hapa Valparaiso lori haliupandi mlima.
Linasimama chini, linanguruma, linasubiri,
nasi ndio tunaopanda: ngazi mia mbili na saba
hadi mlango wa buluu wa Bi Eduvigis,
kisha kushuka, gunia begani, mchuzi wa jana
ukichuruzika mgongoni mpaka kwenye soksi.
Magoti yangu yana miaka sitini.
Mimi nina thelathini na minne.

Mshahara wa mtu, alisema msimamizi Yerko
siku aliponipa glavu,
ni kama ugonjwa wa mtu: hautangazwi.
Nikaitikia. Nilikuwa na mtoto wa wiki tatu.
Miaka saba sikuuliza, sikuulizwa.
Nibaldo, niliyeshika naye gunia moja,
yeye pembe hii na mimi pembe ile,
nilijua jina la mbwa wake,
nilijua jino linalomnyima usingizi,
sikujua analipwa kiasi gani.

Chama chetu kilikuwa chumba cha kupanga
juu ya karakana ya mchonga majeneza.
Tulikwenda Desemba, kula keki.
Halafu akachaguliwa Ercilia Manquián,
mfagiaji wa sokoni, mfupi, mwenye kikohozi,
aliyeshika kipaza sauti kama samaki aliye hai.
Hotuba hakuwa nayo. Alisema:
"Jumanne kila mtu aje na karatasi yake ya mshahara."
Akakaa.

Tulikuja kumi na tisa.
Wengine waliogopa, siwalaumu.
Akazipanga mezani kama karata, uso juu.
Chini randa ya fundi ilikwangua ubao,
kra, kra,
na sisi tukasoma.

Kazi moja. Lori moja. Ngazi zilezile.
Mishahara kumi na mmoja.
Nibaldo, miaka ishirini na sita ya gunia,
alikuwa chini yangu kwa elfu arobaini.
Kulikuwa na makato ya glavu,
makato ya kuchelewa dakika nne,
na makato yaliyoitwa "mengineyo",
neno lililotuchoma kuliko tarakimu zote.
Mengineyo yapi?
Nibaldo alivua miwani, akaifuta kwa shati,
akaivaa, akasoma upya,
nami nikaona haya kwa pesa ambayo sikuiiba.

Tuligoma siku tisa. Sitaki kuzipamba.
Uvundo ulitangulia mtu mlangoni.
Shakwe walinenepa hata kuruka wakaona tabu.
Kwenye foleni ya mkate nilitemewa mate
na mwanamke ambaye nimembebea taka miaka saba.
Kaka yangu Wladimir aliendesha lori la kampuni usiku;
ana madeni; hatujasemezana hadi leo.
Ila Bi Eduvigis alitundika taka zake dirishani,
mfuko chini ya mfuko, kama nguo mbichi.
"Zitawangoja," akasema.
"Nimewahi kungoja watu wabaya kuwashinda nyinyi."

Tulipata nusu.
Kazi moja, mshahara mmoja; glavu bure;
"mengineyo" likapigwa mstari.
Nusu nyingine Ercilia aliiandika kwa wino mwekundu
nyuma ya kalenda, akaigeuzia ukumbini,
na kila Jumanne huikoholea.

Wapo wasemao chama kinakula ada zetu.
Labda. Keki hazikuwa chache.
Lakini sijasahau ile meza,
wala jinsi karatasi zilivyokuwa nyepesi,
zingepeperushwa na pumzi ya mtu,
na kila mmoja wetu akaibana yake kwa kidole.

Leo wameniletea kijana, Maicol,
viatu vipya, anaparamia ngazi mbilimbili.
Kwenye ya mia na kumi akasimama, anahema,
akatazama chini kama Yerko yuko mbali,
akaninong'oneza:
"Samahani, mzee. Wewe wanakulipa ngapi?"

Nikatua gunia.
Nikataja kwa sauti, mpaka mbwa akabweka:
laki sita na elfu kumi na nne.
Dirisha moja likafunguka.
Nikataja tena.