Salfa

Nesi Mwaluko alisema: usingoje ujae,
ukifika theluthi, mwaga.
Futa mdomo wa mfuko, hata mkunjo wa ndani,
huko ndiko harufu inakojificha kama panya ghalani.
Hakusema kitu juu ya bomba la Mpunguzi,
linalotoa maji Jumanne, likikumbuka.

Basi napima: kopo la mboga, kopo la mfuko.
Mayai nimeacha. Dagaa, vitunguu,
hata maharage ya msibani
napokea sahani, nampa mtoto wa jirani.
Mlenda nimebakiza. Mlenda haunisengenyi.

Jana usiku, taa imezimwa,
ikapanda ileile: yai viza.
Nikashika ubavu. Nikatoka na tochi,
nikachuchumaa nyuma ya banda la kuku,
nikapapasa ukingo, kidole kwa kidole.
Gundi imeshika. Klipu imebana.
Mfuko mkavu, umetulia kama mgeni.

Nikarudi, nikamwinamia Chidawali,
kalala na shati la shambani.
Salfa!
Kutwa alikuwa akipulizia mizabibu ya watu;
nywele, kwapa, hadi kope, salfa tupu.

Na mimi miezi saba nalala nimempa mgongo
nisimchafulie hewa.

Nikacheka hadi akaamka.
"Kuna nini?"
"Unanuka," nikamwambia.
Akajinusa bega. "Kweli," akasema,
akataka kusogea ukutani.
Nikamvuta.