Chini ya Nusu

Nilipima unene wa rangi, mlango hadi mlango.
Haijaguswa. Kilomita elfu tatu mia nane na kumi na mbili.
Bi Godelieve amesimama ndani ya ndara za marehemu,
mkononi risiti ya miaka mitano nyuma,
kama tiketi ya treni iliyokwisha ondoka Antwerp.

"Alisema haitashuka."

Wote husema. Biashara haigombi, nami sikugomba:
nikamweleza betri, dhamana iliyokufa Machi,
mota tatu ambazo fundi wake yuko Ujerumani, na ana foleni,
na kwamba wenye fedha siku hizi wanarudi
kwenye injini kongwe za petroli tupu,
zinazonguruma na kunuka.
Kisha nikaandika tarakimu.

Hakulia. Aliuliza tu kama naweza kulitoa gereji.

Nikabonyeza. Kimya.
Magurudumu yakasaga changarawe, basi;
gari la nguvu za farasi mia tisa
likapita mbele yake kama paka.

"Hivyo hivyo," akasema. "Jumapili alfajiri alitoka hivyo.
Ngurumo aliiwasha akishavuka daraja,
nisiamke.
Nilikuwa macho. Kila Jumapili."

Fomu yangu ina kisanduku cha mikwaruzo,
cha matairi, cha ufunguo wa pili.
Nilikaa na kalamu.

Manyunyu yakaanza. Akaniomba waya wa kuchaji:
"Uache ukutani. Nimezoea taa yake ya kijani."
Nikakata euro mia nne za waya.
Halafu nikazirudisha.