Onyesha Chumba

Saa kumi na moja jioni, Januari, mjini Duluth.
Giza limeshaketi juu ya ziwa,
na ziwa limeganda, meli za chuma zimelala bandarini.
Mimi, Verna Lahti, miaka hamsini na miwili,
mfua mashuka wa hospitali, zamu ya usiku,
nimeiweka kompyuta mezani
pale palipokuwa na sahani ya Arvid.

Sauti inaniita. Jina lake Marivic,
msimamizi wa mtihani. Simwoni, yeye ananiona.
"Tafadhali, onyesha chumba."

Naibeba kompyuta kama mtoto mwenye homa,
nazunguka nayo polepole:
huu ukuta, hili friji,
na ile karatasi niliyochora vitanzi kwa penseli.
"Iondoe, tafadhali."
Naiondoa.
"Chini ya meza."
Chini ya meza yuko Pekka, mbwa, kiziwi,
hata angelijua jibu asingeninong'oneza.
"Na sinki."

Laiti ningejua atatazama hadi sinki!
Tangu mazishi, miaka miwili,
hakuna mtu aliyeingia jikoni humu.
Majirani walileta bakuli za viazi na nyama,
wakarudi kuchukua bakuli, mlangoni, viatu miguuni.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, nami mgeni wangu
ni sauti inayokagua vyombo vichafu.

Nyuma yake jogoo akawika.
Kwake kumeshakucha, tena ni kesho.
Nilitaka kumuuliza kesho kukoje,
ila kanuni zinakataza mazungumzo.

Muhula wa kwanza niligombana na nukta mkato.
Kosa moja haliachi mke, wanasema;
mashine hii huacha kwa nukta,
hukuandikia talaka nyekundu, mistari arobaini,
na kosa lenyewe liko mstari wa tatu.
Mhadhiri wetu Tobias, kijana
wa umri wa mwanangu kama ningezaa,
alisema orodha huhesabiwa kuanzia sifuri.
Nilicheka peke yangu usiku wa manane.
Arvid naye alikuwa hivyo: mwaka wa kwanza wa ndoa
hakuuhesabu,
alisema tulikuwa bado tunapasha injini.

Kitanzi sikufundishwa na chuo.
Nilikijua kwenye mashine za kukaushia:
maadamu kuna unyevu, zunguka.
Usipokiwekea sharti la kukoma
kitazunguka mpaka umeme ukatike.
Najua. Nimeishi humo:
kahawa, zamu, kitanda, upande wa kushoto tu,
kahawa.

Swali la nne.
*Andika programu itakayoondoa jina moja katika orodha
bila kuvuruga yaliyobaki.*

Vidole vikasita.
Pekka akajikuna, meza ikatikisika.
"Kuna mtu mwingine chumbani?"
Hapana, nikasema. Hakuna.

Niliandika mistari kumi na miwili, nikaiendesha.
Jina likatoka. Nafasi yake ikabaki,
tupu, katikati ya wengine, kama kiti.
Nikafuta. Nikaandika tena:
kila lililo mbele lirudi nyuma hatua moja,
moja moja, kuanzia pale pengo lilipo,
na orodha ikubali kuwa fupi.
Ikakubali.
Sikufurahi kama nilivyotarajia kufurahi.

"Muda umekwisha, Bi Lahti.
Matokeo baada ya siku kumi."
Akanyamaza kidogo, jogoo akawika tena.
"Jiko lako lina mwanga mzuri."
Kisha kioo kikawa cheusi, nikajiona mimi.

Nikaosha vyombo vyote, hata kile cha juu ya kabati
ambacho hakikuwa kichafu.

Saa sita usiku, chumba cha kufulia, mvuke,
mimi na Jolene tunakunja.
Shuka sifuri. Shuka moja. Shuka mbili.
Mkokoteni ulipojaa nikaandika: thelathini na tisa.
Jolene akahesabu upya, akapata arobaini,
akaniuliza lile moja nimelipeleka wapi.
Nikamwambia limo humo humo,
la chini kabisa.